Moyo Uliosomwa Mulago

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba mnyama aliyekufa ni mzoga, ilhali binadamu aliyekufa ni maiti. Wengi wetu husema pia "maiti huyu", kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA, kana kwamba sarufi imekataa kumtoa marehemu katika jamii ya watu. Nalitaja jambo hili kwa sababu historia ya leo ilianzia kwenye meza ya kupasulia maiti, na ni rahisi kuisimulia kana kwamba juu ya meza ile hapakuwa na mtu.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa mwaka 1913. Katika miaka ya 1940, Jack Davies, mwanapatholojia kutoka Uingereza, alifundisha Makerere na kuchunguza maiti wa Mulago. Wodini walikuwamo wagonjwa, wengi wao watoto na vijana, ambao matumbo yao yalijaa maji yakatuna kama ngoma, lakini miguu haikuvimba kwa kiasi hicho. Daktari angeweza kushuku ini, au kifua kikuu, au vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Eksirei ilionyesha kivuli cha moyo tu. Ndani yake hapakuonekana.

Kisu ndicho kilichoonyesha. Vyumba vya moyo wenye afya vina utando wa ndani mwembamba na laini. Katika mioyo hii, utando ulikuwa umegeuka tabaka nene, jeupe na gumu kama kovu, ambalo lilijaza ncha ya chumba cha chini na kuzishika vali zisijifunge sawasawa. Misuli ya moyo ilikuwa bado na nguvu ya kusukuma damu; kilichokosekana ni nafasi ya kuipokea. Damu ikarundikana nyuma, ini likavimba, maji yakachuruzika tumboni. Tumbo lilikuwa likilalamika kwa niaba ya moyo!

Davies hakuwa wa kwanza kuona makovu hayo. A. W. Williams aliyaeleza nchini Uganda mwaka 1938, na mwaka 1946 Bedford na Konstam waliandika kuhusu askari wa Afrika Magharibi waliougua moyo bila chanzo kujulikana. Lakini makala ya Davies ya mwaka 1948, katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, ndiyo iliyoutambulisha kuwa ugonjwa wa peke yake. Kitaalamu huitwa endomayokadio faibrosisi; baadhi ya vitabu viliuita ugonjwa wa Davies. Jina hilo la pili hunikera kidogo. Davies alistahili heshima, lakini wenye mioyo ile walibaki umri, jinsia na namba ya jalada.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa Kampala walibaini kwamba miongoni mwa wagonjwa, watu wenye asili ya Rwanda na Burundi walikuwa wengi kupita kiasi. Hapa msomaji awe macho. Wengi wa wahamiaji hao walivuka mpaka kutafuta vibarua, wakaishi kwa chakula duni. Kuuita ugonjwa huo wa kabila fulani ni kuruka hatua. Tena ulikwisha kuonekana Nigeria, na baadaye jimbo la Kerala nchini India, na Brazili. Wapo walioshuku minyoo, wengine muhogo, wengine madini ya seriamu yaliyomo udongoni. Hakuna dhana hata moja iliyothibitishwa mpaka sasa. Upasuaji wa kuliondoa kovu ulianza miaka ya 1970, lakini ni mzito na wagonjwa wengi huufikia wakiwa wamechelewa.

Mwaka 2008, Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya kijijini, eneo la Inharrime, wakitumia mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo ukiwa unapiga. Watu waliopimwa walikuwa 1,063, nao walichaguliwa kwa bahati nasibu. Kovu lile lile la Mulago lilikutwa kwa 211 kati yao, na wengi wa hao 211 hawakuwa na dalili yoyote.