Sadaka, dhabihu au kafara?

Mpwa wangu hucheza NetHack, mchezo wa kompyuta wa tangu 1987, na kila akimpelekea mungu wake mzoga husema “natoa sadaka”. Sadaka gani hiyo? Mtoa sadaka hangoji malipo ya papo hapo. Huyu anangoja silaha.

Neno lake ni dhabihu, ndugu wa damu wa madhabahu: yote mawili yametoka katika shina la Kiarabu la kuchinja. Na mchezo wenyewe unakubali. Unaua zimwi, unauwahisha mzoga madhabahuni (zikipita zamu 50 umeshachacha, mungu hana haja nao), na ukibahatika unatunukiwa. Ukicheza kama Valkyrie, unaweza kupewa Mjollnir, ile nyundo ya Thor.

Mungu akiwa ameghadhibika, mzoga uleule unatolewa kumpoza. Hapo sasa ni kafara. Neno jingine la jirani, tambiko, tuwaachie mizimu. Lina wazee wake na pombe yake, wala halihesabiwi zamu.

Ila kumtoa paka wako mwenyewe, aliyekufuata tangu ngazi ya kwanza? Mchezo hukuadhibu vikali. Mimi ningesema huo ni usaliti.