Mgeni na Jembe: Wasumbwa katika Mji wa Bunkeya

Mtu ahamiaye mji mgeni hutahiniwa mara nyingi kabla hajajua kuwa yumo katika mtihani. Hutahiniwa na salamu asiyolijua jibu lake, na bei ya chumvi, na njia ya kisimani, na jina ambalo jirani humpa kabla ya kumwuliza lake mwenyewe. Wazee walilifupisha jambo hili katika methali moja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande wa pili usiotazamwa sana. Jembe ni la mwenyeji, na shamba ni la mwenyeji. Mgeni apewapo jembe huwa amekubaliwa kuwa mtu wa mahali pale, kwa sharti moja tu, kwamba asisahau shamba ni la nani.

Sharti hili lina historia katika nchi ya Usumbwa. Masumbwe ni mji ulio katika Wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Nchi hii ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita. Leo ni mahali pa kuhamiwa. Huja wafugaji na wakulima wa Kisukuma, huja wachuuzi wafuatao malori, na huja wachimbaji wadogo wa dhahabu, kila mmoja na sururu na karai lake, kumtafuta mwenye duara atakayempa kazi. Usiku wa kwanza mgeni hulala kwa mtu wa kwao, kama yupo. Asubuhi husalimiwa kwa lugha asiyoijua. Na kabla ya juma kwisha amekwisha kupata mtani wa kumcheka na mkopo wa kulipa. Mambo haya ni madogo, na hakuna ayaandikaye. Hata hivyo ndiyo yafanyayo mji.

Lakini kabla nchi hii haijawa ya kuhamiwa, ilikuwa nchi ya kuhama. Katika karne ya 19 Wasumbwa, pamoja na jamaa zao Wanyamwezi, walikuwa wasafiri wakubwa wa bara. Walikwenda pwani na pembe, wakavuka pande za Ziwa Tanganyika, wakafika Katanga kununua shaba. Mmoja wao aliitwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa, aliyekuja kujulikana kwa jina la Msiri, aliifuata njia ya babaye, na katika miaka ya 1850 akakaa huko asirudi. Wenyeji walimpokea kama wafanyabiashara wote wapokewavyo. Akapewa mahali pa kukaa, naye akatoa zawadi. Tena alikuwa na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho kwa wingi, nacho ni bunduki. Wakuu wa nchi walipopigana na Waluba walimwomba mgeni msaada, naye akawasaidia. Ikawa silaha iliyomwokoa mwenyeji ndiyo iliyomtawala baadaye. Watu wa Msiri wakaitwa Wayeke, dola yake ikaitwa Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya, katika uwanda ulio upande wa mto Lufira.

Bunkeya ya miaka ya 1880 haikuwa mji wa kabila moja, wala haikuwa ngome moja. Ilikuwa vijiji vingi vilivyotandaa uwandani. Humo walikutana Wayeke, Wasanga, Walamba na Waluba. Wafanyabiashara wa magharibi walileta nguo, bunduki na baruti kutoka Benguela katika pwani ya Angola. Wafanyabiashara wa mashariki walifuata njia za Tabora na Unguja. Mke mmoja wa mfalme, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Angola. Wengine walikuwa mabinti wa wakuu waliotiishwa. Waliofika huko walikadiria kuwa wake wa mfalme walizidi 500. Idadi hiyo ilikuwa na maana ya utawala zaidi ya anasa, maana kila mke alikuwa kamba iliyofunga nchi fulani na nyumba ya mfalme. Hata alama ya ukuu aliyowapa wakuu wa chini yake ilikuwa kitu kilichohama: kipande cha kombe kilichotoka Bahari ya Hindi, kikavaliwa na watu wasioiona bahari maisha yao yote.

Katika mji huu jembe la mgeni lilifanya kazi njema. Watu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba tangu zamani za kale, wakaimimina katika kalibu za umbo la msalaba. Wayeke walileta ufundi wa kuivuta shaba ile mpaka ikawa udodi mwembamba wa bangili na vikuku. Maarifa ya mwenyeji yalikutana na maarifa ya mgeni, na kitu kilichozaliwa hakikuwa cha mmoja peke yake.

Lakini biashara ya Bunkeya haikuwa ya shaba, chumvi na pembe tu. Ilikuwa pia biashara ya watu. Wengi wa wale walioingia mjini hawakuhama kwa hiari. Waliletwa na kongwa shingoni. Kwao siku ya kwanza haikuwa na mwenyeji, na siku ya tatu haikuwa na jembe la heshima. Mwandishi wa habari za miji mipya akiwasahau watu hawa, huwa ameandika nusu ya habari.

Mfalme aliyekuwa mgeni alijua hatari ya wageni. Februari 1886 alifika Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyetoka upande wa magharibi. Hakuruhusiwa kuingia mara moja. Alizuiwa kwanza, na waganga wa mfalme wakapelekwa kumchungua kwa ramli, wajue nia iliyofichika moyoni mwake. Desturi hiyo yaweza kuchekesha; lakini Msiri alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alipofika Katanga hakuna aliyempigia ramli.

Kosa lake lilikuwa kulisahau sharti la jembe. Ushuru ukawa mzito, adhabu zikawa kali, na vichwa vya waliouawa vikatundikwa mitini karibu na nyumba yake, wageni wakaviona na kuvieleza. Kufika 1891 Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi, na njaa ilikuwa imeingia Bunkeya. Wakati huo ndipo alipofika Kapteni Stairs, ametumwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, na msafara ulioanza safari yake pwani ya Afrika ya Mashariki. Hakuja kuomba mahali pa kukaa. Alikuja na bendera. Msiri akaikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa wa msafara ule, Kapteni Bodson, alimpiga Msiri risasi akafa, naye Bodson akapigwa risasi, akafa baadaye kwa majeraha yake. Mgeni aliyemnyang'anya mwenyeji shamba alinyang'anywa na mgeni mwingine, na mwenyeji wa asili hakurudishiwa kitu.

Hata hivyo Wayeke hawakutoweka. Wako Bunkeya hata leo, na mtawala wao hubeba jina la Mwenda. Lakini lililo kubwa katika habari yao halikutokea vitani, lilitokea jikoni. Wayeke walikuwa wachache, wakaoa wake wa nchi, na watoto wao wakakua wakisema Kisanga. Kiyeke, ambacho ni Kisumbwa kilichohama, kikabaki zaidi katika majina, nyimbo na ibada za utawala. Bunduki iliwashinda wakuu wa Katanga, wala haikuwashinda mama zao watoto. Mfalme alimiliki mji kwa miaka isiyofika 40. Lugha ya wenyeji ikawamiliki wajukuu wake.

Mwaka ule ule wa 1891 mgeni wa namna nyingine alipiga hodi Usumbwa kwenyewe. Wamisionari wa White Fathers walifungua kituo Ushirombo, katika nchi iliyokuwa inaingia chini ya Wadachi. Nao hawakuja mikono mitupu, maana walikuja na dini yao na nia ya kuwageuza watu. Lakini iliwapasa kwanza kujifunza kuomba maji kwa Kisumbwa. Kwa kujifunza huko Padre Capus aliandika sarufi ya lugha hiyo, ikapigwa chapa 1898. Hivyo, wakati lugha ya Wasumbwa ilipokuwa ikififia vinywani mwa watoto wa Bunkeya, ilikuwa ikiandikwa na mgeni huku nyumbani.

Sasa zamu ya Usumbwa ni ya kupokea. Mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa katika miaka ya 1930 ulifungwa 1966. Mgodi mpya ukaanza kazi 2000. Na wachimbaji wadogo hawakungoja mgodi wowote. Mchimbaji ashukaye Masumbwe na sururu yake hakuja kuwa mfalme. Walakini dhahabu, kama bunduki, humfanya mgeni asahau upesi kuuliza shamba ni la nani, na humfanya mwenyeji asahau upesi kwamba babu zake nao walikuwa wageni kwa watu. Historia ya Bunkeya haiwakatazi watu kuhama. Yaonyesha tu kwamba siku ya tatu hufika kwa kila mgeni, na kwamba jembe lina mikono miwili iliyolishika: mmoja wa anayetoa, na mmoja wa anayepokea.