Bei ya Povu: Jina, Jasho na Historia ya Mvinyo wa Bei Nafuu

Katika duka lolote kubwa la vinywaji mjini, chupa mbili zinaweza kusimama kwenye rafu moja, zote zimefungwa kizibo kwa waya, zote zitatoa povu zikifunguliwa, lakini bei ya moja ikawa mara nne au tano ya bei ya mwenzake. Mnunuzi anayetafuta chupa ya kuchanganya na maji ya machungwa kwa ajili ya branchi, yaani ule mlo wa asubuhi iliyochelewa unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, hujiuliza swali la haki kabisa: tofauti hii inatokana na nini? Jibu analopewa mara nyingi ni neno moja tu, ubora. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Bei ya mvinyo wa povu ina sehemu tatu: muda, jasho na jina. Hii ya tatu ndiyo yenye historia nzito zaidi ya kisiasa, na ndiyo ninayotaka tuitazame hapa. Msomaji asiyekunywa kileo asiuache ukurasa huu. Suala la nani anamiliki jina la zao linamhusu yeye pia, awe mkulima wa karafuu au ofisa wa wizara.

Tuanze na povu lenyewe. Sukari ya zabibu inapochachuka hutoa kileo na hewa ya ukaa. Kwa mvinyo wa kawaida hewa hiyo huachwa iende zake. Kwa mvinyo wa povu, mvinyo uliokwisha kuiva huongezewa sukari na hamira, ukafungiwa ili uchachuke mara ya pili, na safari hii hewa haina pa kutokea. Masimulizi maarufu humtaja mtawa Dom Pérignon wa abasia ya Hautvillers, katika eneo la Champagne nchini Ufaransa, kuwa ndiye mvumbuzi. Historia inasema vingine. Mtawa huyo, aliyefariki mwaka 1715, alihangaika zaidi kuzuia povu, kwa kuwa wakati huo lilihesabiwa kuwa kasoro na lilipasua chupa. Kabla ya hapo, mwaka 1662, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kuieleza Royal Society ya London jinsi wauza mvinyo walivyotia sukari ili kinywaji kichangamke. Waingereza walikuwa na chupa imara zilizotengenezwa kwa tanuri za makaa ya mawe, na bila chupa imara povu ni hatari tupu: msukumo wa ndani ya chupa hufikia mara mbili hadi tatu ya upepo wa tairi la gari dogo.

Kuchachusha ndani ya chupa kunaacha masimbi ya hamira. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyumba ya biashara ya mjane Barbe-Nicole Clicquot mjini Reims, ilibuniwa njia ya kuinamisha chupa kwenye mbao zenye matundu na kuzizungusha kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hadi masimbi yakusanyike shingoni na kutolewa. Hiyo ni kazi ya mikono, chupa moja baada ya nyingine. Kwa sheria ya leo, chupa ya Champagne haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 15. Muda huo ni mtaji uliolala ghalani, na jasho hilo ni mshahara. Hadi hapo tofauti ya bei inaeleweka bila siasa.

Siasa inaingia pale tunapouliza: mshahara wa nani? Wakulima wa zabibu wa Champagne hawakuwa matajiri hata kidogo. Waliuza zabibu zao kwa nyumba kubwa za biashara za Reims na Épernay, ambazo ndizo zilizomiliki maghala, nembo na masoko ya nje. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera alianza kula mizizi ya mizabibu yao. Kisha baadhi ya wafanyabiashara wakagundua kwamba hawana haja ya kumbembeleza mkulima wa jirani: reli ilikuwa tayari kuwaletea zabibu na mvinyo wa bei ya chini kutoka bonde la Loire na kusini mwa Ufaransa, ukatiwa povu na kuuzwa kwa jina lile lile la Champagne. Mkulima akajikuta jina la ardhi yake linapata fedha huku zabibu zake zikikosa mnunuzi.

Mwaka 1910 mvua, ukungu na magonjwa viliteketeza karibu mavuno yote. Januari 1911 wakulima waliziba njia, wakakamata shehena za mvinyo wa kigeni na kuumwaga. Serikali ilikuwa imeshachora mpaka wa Champagne mwaka 1908, lakini mpaka huo uliliacha nje eneo la Aube, ambalo mji wake mkuu, Troyes, ulikuwa makao ya watawala wa Champagne ya zamani. Watu wa Aube wakaandamana, mameya wakajiuzulu. Baraza la Seneti lilipoashiria kwamba mpaka ungeondolewa, wakulima wa Marne nao walihisi wamesalitiwa, na Aprili 1911 wakaziteketeza nyumba za wafanyabiashara katika mji wa Aÿ. Maelfu ya askari walipelekwa. Ufumbuzi kamili ulipatikana mwaka 1927, Aube ilipoingizwa rasmi ndani ya mpaka. Kwa hiyo jina tunaloliona leo kwenye lebo za anasa lililindwa kwanza kwa ghadhabu ya watu waliokuwa na njaa.

Baada ya wakulima ilikuja dola. Hapa nawaomba wanafunzi wangu wa historia ya Afrika Mashariki wafungue Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Sote tunakifahamu kifungu cha 119, ambacho kwa hicho Ujerumani iliachia makoloni yake yote, Tanganyika ikiwemo, bila wenyeji kuulizwa neno. Wachache husoma hadi kifungu cha 275. Humo Ujerumani iliahidi, kwa sharti la kutendewa vivyo hivyo, kuheshimu sheria za mataifa mengine kuhusu majina ya maeneo yanayotumika kwa mvinyo na pombe kali. Meza moja ya wakubwa iligawa nchi za watu na ikalinda majina ya chupa. Sitoi mfano huu kwa dhihaka. Unatuonyesha kwamba anayekaa mezani hulinda hata jina la kinywaji chake, na asiyekaa mezani hupoteza hata ardhi. Marekani haikuuridhia mkataba huo, na hadi leo baadhi ya makampuni ya California yanaruhusiwa kutumia neno champagne, kwa kuwa makubaliano ya mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya yaliziacha lebo za zamani ziendelee.

Mwaka 1935 Afrika Kusini ilikubali kuacha kutumia majina ya maeneo ya mvinyo ya Ufaransa, na kwa upande wake Ufaransa ikafungua soko lake kwa kambakochi wa Afrika Kusini. Jina kwa kambakochi: ni biashara kama biashara nyingine. Mwaka 1960 mahakama ya London iliamua kwamba kuuza mvinyo wa Hispania kwa jina la "champagne ya Kihispania" ni kumhadaa mnunuzi. Mwaka 1994 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikwenda mbele zaidi: chama cha wakulima wa Ujerumani kiitwacho Winzersekt kilikatazwa hata kuandika kwamba mvinyo wake umetengenezwa kwa njia ya Champagne, ingawa njia ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Waliofungiwa mlango walifanya nini? Hapa ndipo ilipozaliwa chupa ya bei nafuu. Wakatalonia, ambao tangu mwaka 1872 walikuwa wakitengeneza mvinyo wa povu ndani ya chupa huko Sant Sadurní d'Anoia, walijipatia jina lao wenyewe, Cava, yaani ghala la chini ya ardhi. Walitumia zabibu za kwao na, kuanzia miaka ya 1970, mashine za kuzungusha mamia ya chupa kwa pamoja, na muda wa chini wa kulaza chupa ukawekwa kuwa miezi 9. Waitaliano walipita njia nyingine. Mwaka 1895 Federico Martinotti wa Asti alisajili njia ya kuchachusha ndani ya tangi kubwa, na mwaka 1907 Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha. Tangi moja hufanya kazi ya maelfu ya chupa, na mvinyo huwa tayari kwa wiki chache. Ndiyo njia ya Prosecco.

Wakisovieti nao walikuwa na sababu yao. Mwaka 1936 serikali ya Stalin iliagiza utengenezaji mkubwa wa "shampeni ya Kisovieti", ili mfanyakazi wa kiwandani apate kinywaji kilichokuwa cha makabaila. Matangi ndiyo yaliyoiwezesha ahadi hiyo. Mwaka 2021 Urusi ilipitisha sheria iliyohifadhi neno shampanskoye, kwa maandishi ya Kirusi, kwa mvinyo wa Urusi pekee. Watengenezaji wa Champagne yenyewe wakaambiwa wajiite mvinyo wa povu tu. Mkuki ukamrudia mwenyewe.

Ujanja mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulifanywa na Waitaliano mwaka 2009. Prosecco lilikuwa jina la aina ya zabibu, na jina la zabibu haliwezi kumilikiwa na eneo moja. Australia ilikuwa imeshaanza kuipanda. Serikali ya Italia, chini ya waziri wa kilimo Luca Zaia, mzaliwa wa Veneto, iliibadilisha zabibu hiyo jina ikaitwa Glera, kisha ikachora mpaka mpana unaofika hadi kijiji kiitwacho Prosecco karibu na Trieste. Jina la zabibu likageuka jina la mahali, na mahali pakalindwa. Leo Prosecco huuza chupa zaidi ya milioni 600 kwa mwaka, takriban mara mbili ya Champagne. Wakulima wa Australia waliendelea kulalamika kwamba wamenyang'anywa jina la mti walioupanda kwa nia njema.

Turudi basi kwa mnunuzi wetu na branchi yake. Mlo huo wenyewe ulipewa jina na Mwingereza Guy Beringer katika makala ya mwaka 1895, mwaka ule ule wa tangi la Martinotti. Vinywaji vyake maarufu ni viwili: mimosa, ambao ni maji ya machungwa na mvinyo wa povu, na bellini, uliobuniwa na Giuseppe Cipriani huko Venice kwa kuchanganya Prosecco na rojo ya pichi nyeupe. Kinachonunuliwa kwa bei kubwa ndani ya Champagne ni ladha ya mkate na lozi iliyotokana na muda mrefu juu ya hamira. Maji ya machungwa huifuta ladha hiyo mara moja. Kuichanganya ni kulipia muda na kisha kuutupa. Kwa machungwa nashauri Cava iliyoandikwa brut, kwa kuwa ni kavu na sukari tayari imo kwenye tunda. Kwa pichi au embe, Prosecco inafaa kwa harufu yake ya matunda. Tahadhari moja: maneno extra dry yanayoonekana kwenye chupa nyingi za Prosecco humaanisha ina sukari zaidi ya brut, si pungufu, ingawa yanatamkwa kama kinyume chake.

Lakini asije mtu akadhani kwamba bei kubwa ndiyo dhamana ya haki. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa kosa la usafirishaji haramu wa binadamu. Waathirika walikuwa vibarua zaidi ya hamsini wa mavuno ya mwaka 2023, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, waliolazwa katika mazingira machafu na kufanyishwa kazi kwa muda mrefu. Zabibu walizochuma zilikuwa za jina ghali kuliko majina yote ya povu duniani. Sheria iliyopiganiwa mwaka 1911 inalinda mpaka wa shamba kwa mita, haikumlinda mchumaji. Jina lililindwa, jasho likasahauliwa.

Sisi tunajifunza nini? Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Champagne hawezi kuliota. Karafuu za Zanzibar zina sifa duniani tangu karne ya 19. Ethiopia ilionyesha kuanzia mwaka 2005 kwamba nchi ya Kiafrika inaweza kuyadai majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, mbele ya kampuni kubwa ya Marekani, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Kwa hiyo uwezo upo. Maswali ninayowaachia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni haya: chupa ikiandikwa Dodoma, nani anathibitisha kwamba zabibu zilitoka Dodoma? Mpaka ukichorwa, nani ataachwa nje kama watu wa Aube? Na bei ikipanda kwa sababu ya jina, ni utaratibu gani utakaohakikisha kwamba nyongeza hiyo inamfikia anayeinama shambani? Mswada wowote wa kulinda majina ya mazao yetu uyajibu maswali yote matatu, hasa la mwisho, kwa maana hilo ndilo ambalo Wafaransa, kwa zaidi ya miaka mia moja ya sheria, hawajalimaliza.