Namba za Septemba

Mwanzoni mwa Septemba 1948 mtafiti mmoja wa New York, Elmo Roper, aliwaambia wasomaji wa safu yake ya gazetini kwamba habari imekwisha. Uchaguzi wa rais wa Marekani ulikuwa bado wiki nane. Lakini Thomas Dewey, gavana wa New York na mgombea wa chama cha Republican, alikuwa mbele ya Rais Harry Truman kwa zaidi ya pointi 10, na Roper hakuona sababu ya kuendelea kutangaza namba zilezile kila mara, isipokuwa litokee jambo kubwa sana.

Msomaji, usimcheke upesi. Roper hakuwa mpiga ramli wa vichochoroni. Mwaka 1936, 1940 na 1944 alikadiria kura za Franklin Roosevelt, na mara zote tatu alikosea kwa pointi 1 hivi au pungufu ya hapo. Ukilenga shabaha mara tatu namna hiyo, hata wewe utaanza kutembea kwa maringo.

Tarehe 2 Novemba Truman akapata karibu asilimia 50 ya kura, Dewey 45. Gazeti la Chicago Daily Tribune, ambalo wapangaji wake wa chapa walikuwa kwenye mgomo na hivyo lililazimika kwenda mtamboni mapema kuliko kawaida, lilitoka na kichwa cha habari kwamba Dewey kamshinda Truman. Siku mbili baadaye Truman alisimama nyuma ya behewa mjini St. Louis, akaliinua gazeti hilo juu, meno yote nje. Picha hiyo inajulikana dunia nzima. Ila imetufichia kitu. Watu humcheka mhariri wa Chicago, aliyekosea kwa saa chache, wakamsahau Roper, aliyekosea kwa miezi miwili. Mimi huyu wa pili ndiye anayenishughulisha, maana kosa lake tunalirudia kila uchaguzi unapokaribia: tunashika namba ya mapema, tunaigeuza kuwa habari ya kesho.

Roper alikuwa na hoja. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walikaa katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakawauliza watu maswali yaleyale mwezi baada ya mwezi, tangu Mei hadi Novemba. Wakagundua kwamba waliohama upande mmoja kwenda mwingine walikuwa wachache mno. Kelele zote za kampeni, redio, mabango, hotuba, zilikuwa zaidi za kumkumbusha mtu kile ambacho tayari alikuwa nacho moyoni. Basi ikawa kama sheria: anayeongoza Septemba ndiye rais. Lakini tazama sheria hiyo ilivyozaliwa. Ilitokana na chaguzi ambazo zote mgombea mmoja alikuwa Roosevelt, mtu ambaye kila nyumba ilikuwa na maoni juu yake, ya kumpenda au ya kumchukia. Mwaka 1948 Roosevelt alikuwa kaburini tangu Aprili 1945. Kipimo kilikuwa kilekile, kitu kinachopimwa kimebadilika.

Na wapimaji hawa wapya walikuwa na sababu ya kujiona, kwa sababu walizaliwa kutokana na aibu ya mtu mwingine. Jarida la Literary Digest lilikuwa limepatia washindi wa 1920, 1924, 1928 na 1932. Mwaka 1936 likatuma kadi milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Kwa hesabu zao, Alf Landon angemshinda Roosevelt kwa asilimia 57 kwa 43. Kumbe Roosevelt akazoa karibu asilimia 61 na majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. Ndani ya miaka miwili jarida likawa halipo tena. Katika miaka ile ya njaa mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida, hilo linaeleweka. Tena aliyejisumbua kuirudisha kadi mara nyingi ndiye mwenye hasira, na wenye hasira walikuwa dhidi ya Roosevelt.

George Gallup aliliona hilo mapema, na hapa lazima nimpe haki yake. Mwezi Julai 1936, kabla Digest haijatuma kadi zake, alitangaza kwamba jarida hilo litapata Landon 56, Roosevelt 44, na kwamba litakuwa limekosea. Alikosa kwa pointi 1 tu. Yaani aliweza kutabiri kosa la mwenzake vizuri kuliko alivyotabiri uchaguzi wenyewe, kwani kwa Roosevelt alimpa asilimia 56 hivi, pungufu ya pointi 5 kwa alichopata. Lakini nani aliangalia hilo? Alitaja mshindi sahihi, akawa nabii.

Basi 1948 manabii wakaanguka pamoja. Gallup na Archibald Crossley walihoji watu hadi Oktoba, lakini nao waliacha kabla ya siku zenyewe za mwisho. Kamati ya wataalamu iliyokaa kuchunguza aibu ile ilikuta mambo mawili makubwa. La kwanza ni namna ya kuchagua wa kuulizwa. Mhoji alipewa mgawo: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, wenye nacho na wasio nacho kadhaa. Ndani ya mgawo ule alikuwa huru kumsimamisha amtakaye, na binadamu ni binadamu: atamwendea mwenye uso wa ukarimu na viatu vilivyong'arishwa. La pili ndilo la Roper. Watu waliendelea kuamua hadi mwisho. Bei ya mahindi ilishuka mwaka ule, na Truman akazunguka kwa treni zaidi ya maili 20,000 akiwaambia wakulima kwamba Bunge la Republican ndilo lililowanyima maghala ya kuhifadhi mavuno yao. Wapo waliosema wakati wa kiangazi kwamba watampa kura Henry Wallace, mgombea wa chama kipya, kisha wakarudi nyumbani kwa Democratic. Wapo waliosema "sijui", na wapimaji wakawagawa kana kwamba watafuata mkondo wa wenzao. Walioamua mwishoni wengi walikwenda kwa Truman.

Baada ya hapo hakuna mpimaji mwenye akili aliyeacha kazi Septemba. Wakaanza kuchagua watu kwa bahati nasibu badala ya macho ya mhoji, na namba za wiki ya mwisho zikawa bora. Namba za mapema je?

Hebu tuone. Julai 1976, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, Jimmy Carter alimzidi Rais Gerald Ford kwa pointi 33 katika utafiti wa Gallup. Novemba alishinda kwa pointi 2, jasho likimtoka. Julai 1988 Michael Dukakis alikuwa mbele ya George Bush mzee kwa pointi 17. Bush akashinda kwa karibu pointi 8 na kuchukua majimbo 40. Bush huyohuyo, baada ya vita vya Ghuba mwaka 1991, aliungwa mkono na asilimia 89 ya waliohojiwa, hata vigogo kadhaa wa Democratic wakaona hakuna haja ya kugombea dhidi yake. Juni 1992 tajiri Ross Perot ndiye aliyeongoza, akifuatiwa na Bush, na Bill Clinton wa tatu. Unajua aliyeapishwa.

Zipo pia za mapema zilizosema kweli. Lyndon Johnson aliongoza mwaka 1964 tangu mwanzo hadi mwisho. Clinton alikuwa mbele ya Bob Dole karibu mwaka mzima wa 1996. Kwa hiyo anayesema namba ya mapema ni uongo mtupu naye hasemi kweli. Robert Erikson na Christopher Wlezien walichambua tafiti za chaguzi 15, kuanzia 1952 hadi 2008, wakaona kwamba mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi namba hizo hazisemi karibu lolote kuhusu Novemba, kisha zinapata nguvu kidogo kidogo, na baada ya mikutano mikuu ya vyama ndipo zinapoanza kutulia.

Kwa nini iwe hivyo? Andrew Gelman na Gary King walieleza mwaka 1993 kwa namna inayoniridhisha. Mtu anapoulizwa Januari, "ungepiga kura leo ungemchagua nani?", anajibu swali ambalo hajalifikiria bado. Atataja jina alilolisikia jana. Uchumi, chama chake, rangi ya maisha yake, hayo atayapima baadaye, kampeni ikishamlazimisha. Maoni yanayumba mwaka mzima, kura inatua palepale ambapo hali ya nchi ingekuelekeza. Namba ya mapema inapima jina na hewa ya wiki ile. Si uongo, ila ni jibu la swali jingine.

Na wakati mwingine swali lenyewe linakufa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Wamarekani waliulizwa juu ya Joe Biden na Donald Trump, hadi Julai 21, 2024 Biden alipojitoa. Tafiti zote zile zilipima mechi ambayo haikuchezwa.

Sasa turudi kwetu, maana utaalamu huu umekuja huku na umekuja na mzigo wake. Kwanza jina. Kiswahili chetu kimeweka "kura ya maoni" mahali pengi mno: kura ya wananchi wote juu ya katiba ni kura ya maoni, mchujo ndani ya chama Tanzania ni kura za maoni, na simu ya mtafiti nayo watu huiita kura ya maoni. Basi usishangae mtu akisikia redioni kwamba fulani "anaongoza kura ya maoni" akadhani kuna sanduku limefunguliwa mahali.

Tanzania, Septemba 2015, taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo yaliyompa John Magufuli asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Twaweza walikuwa wamekwepa mtego wa Digest kwa njia nzuri sana: kaya walizozichagua walizigawia simu na chaja za sola, ili asiye na simu naye asikike. Matokeo rasmi ya Oktoba yakawa Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mshindi walimpatia. Pengo walilitaja pointi 40, likawa chini ya 19. Watu wakasema "walipatia" na mjadala ukafungwa, sawasawa na Gallup wa 1936.

Kenya ni jambo zito zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya Steadman ilipima mara kwa mara. Mwanzoni mwa mwaka Rais Mwai Kibaki alikuwa mbele. Kufikia Oktoba Raila Odinga alimpita kwa zaidi ya pointi 10. Desemba pengo likawa jembamba, pointi 2 hivi. Mtu wa kawaida hakubeba kichwani namba za Desemba. Alibeba za Oktoba, kwa sababu ndizo zilizomfurahisha au kumtisha. Tume ilipomtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, wengi waliona wameibiwa, na zile namba za mapema zikageuzwa ushahidi. Namba za Oktoba haziwezi kuwa shahidi wa kura ya Desemba. Roper angewaambia hivyo. Lakini hata matokeo rasmi hayakuweza kuwa shahidi. Waliokufa katika ghasia zile walizidi 1,100. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, ilisema hesabu ziliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na 1948. Roper alipata wa kumwumbua. Kulikuwa na hesabu ambayo Dewey mwenyewe aliikubali, na wapimaji wakakaa chini kujisahihisha kwa kuilinganisha na kazi yao. Steadman walikuwa sahihi au walikosea? Hakuna jibu la kupimia. Utamlaumuje mwenye mizani wakati gunia limepasuka njiani?

Bunge la Kenya likapitisha sheria mwaka 2012 inayozuia kutangaza tafiti za namna hiyo siku tano za mwisho kabla ya kura, na kumtaka mtangazaji aeleze nani alilipia kazi na watu wangapi waliulizwa. Juu ya namba za mwaka mmoja kabla haikuweka zuio kama hilo, nazo ndizo zinazopeperuka zaidi.

Mwaka 2022 ulikuja na kichekesho chake. Katika mwaka 2021 William Ruto ndiye aliyekuwa akiongoza. Mwezi Mei 2022, baada ya Raila kumteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza, namba zikageuka, na kampuni kubwa karibu zote zikaingia Agosti zikimweka Raila mbele. Safari hii fomu za vituo ziliwekwa hadharani mtandaoni, mtu yeyote angeweza kujumlisha. Ruto 50.49, Raila 48.85, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 5 Septemba. Za mapema zilipatia, za mwisho zikakosa. Wapo waliochukua hilo kuwa dalili kwamba namba za mapema ndizo za kuaminiwa, wakaanza kuzitafuta za 2027 kabla hata Ruto hajaapishwa.