Kuchuja, Kuchambua na Kupepeta: Historia Fupi ya Istilahi za Kupanga Barua Pepe

1. Utangulizi

Mtu afikapo Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, hachelewi kukutana na msamiati wa dhahabu. Mawe husagwa katika karasha, unga wake hupitishwa kwa maji katika mwalo, na masalia yake huitwa marudio. Marudio hayo hayatupwi. Hurundikwa mahali pake, kwa kuwa kila mchimbaji ajua kwamba dhahabu haikuisha yote, na ipo siku yatasafishwa tena kwa dawa. Ndivyo ilivyo katika nchi hiyo ya Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922.

Tumeanza na mfano huu kwa kusudi. Makala haya yanahusu istilahi za kupanga barua pepe. Twakusudia kuonyesha kwamba swali la neno lipi litumike, kuchuja, kuchambua au kupepeta, si swali la pambo la lugha. Neno lisilofaa laweza kumpotezea mtumishi barua yake.

2. Asili ya jambo lenyewe

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, akatumia alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine. Haikupita miaka mingi watu wenye shauri moja wakaanza kuandikiana kwa orodha: mwandishi hupeleka nakala moja tu, na kila aliyemo katika orodha huipata. Mwaka 1978 tangazo la biashara lilipelekwa kwa mpigo kwa watu wapatao 400 wa mtandao huohuo. Hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mama wa barua taka zote.

Wingi wa barua ukazaa haja ya kuzipanga. Wakati huo wataalamu wengi walifanya kazi zao ndani ya kihariri matini, yaani programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi matupu. Kimojawapo ni Emacs, kilichoanza mwaka 1976 katika chuo cha MIT, na ambacho Richard Stallman alikitoa kwa umbo jipya mwaka 1985. Waliokizoea hawakupenda kutoka humo ili wakasome barua penginepo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Masanobu Umeda wa Japani aliandika Gnus, programu ya kusomea majadiliano ya makundi ndani ya kihariri hicho. Katika miaka ya 1990 Lars Magne Ingebrigtsen wa Norway aliiandika upya, na ikawezesha barua pepe nazo kusomwa kwa mtindo uleule wa makundi. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Stephen van den Berg alikuwa ameandika procmail, programu ikaayo mlangoni, ikasoma kila barua iingiayo na kuiweka inapostahili.

Kazi yenyewe huendeshwa kwa kanuni. Mtumiaji huandika, kwa mfano, kwamba barua yoyote ambayo kichwa chake kina jina la orodha ya watafsiri iwekwe katika jalada la watafsiri. Katika procmail kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na barua ikishawekwa mahali haiendelei mbele. Kwa hiyo mpangilio una uzito: kanuni pana ikitangulizwa, itameza barua zilizokusudiwa kanuni nyembamba zilizo chini yake. Barua isiyoangukia kanuni yoyote hubaki katika kikasha cha kawaida.

3. Masjala na Sanduku la Posta

Kwa Mtanzania wazo hili si geni. Barua zetu, kwa desturi, haziletwi mlangoni. Huchambuliwa posta na kutiwa katika masanduku, na S.L.P. moja ya shule au ya zahanati huweza kuwa anwani ya watu wengi. Ofisini nako kuna masjala. Karani hupokea barua, huiandikisha, huitia katika jalada lake, kisha hulipeleka jalada kwa afisa ahusikaye. Karani mwema hachomi barua asiyoielewa. Huiweka kando na kuuliza.

Kikoa cha .tz kilipoanzishwa mwaka 1995, na baadaye mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lugha yetu ilikuwa tayari na maneno ya posta na ya masjala. Hata hivyo, wengi wetu tulitazama neno la Kiingereza kwanza, tukaiacha masjala yetu nyuma.

4. Uchaguzi wa neno

Kuchuja ni kazi ya kifumbu. Tui hupita, machicha hubaki, na aghalabu machicha hutupwa. Kupepeta ni kazi ya ungo: makapi hupeperuka yasirudi. Maneno yote mawili humfundisha msikilizaji kwamba kilichotengwa hakina thamani. Kuchambua ni kinyume chake. Achambuaye barua huweka kila moja na jamaa zake, wala haitupi hata moja.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Mwalimu mmoja alituletea maoni juu ya orodha ya istilahi tuliyoisambaza. Barua yake ikatiwa miongoni mwa taka, nasi hatukuifungua sehemu hiyo, kwa kuwa jina lake lilikwisha kutuambia kwamba hamna kitu. Tulipoiona, orodha ilikuwa imekwisha chapwa na kosa alilolionya mwalimu.

Yawezekana kusemwa kwamba kichujio na barua taka yamekwisha enea, na kwamba neno lililoenea haling'olewi kwa urahisi. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatupendekezi kuyang'oa. Twapendekeza yawekewe mipaka, kama ifuatavyo:

Kuchambua: kugawa barua katika majalada kwa kufuata kanuni, bila kutupa.
Kuchuja: kuzuia barua zidhaniwazo kuwa mbaya.
Marudio: barua zilizozuiwa na kungoja kukaguliwa na mwenyewe.
Barua taka: barua iliyokwisha kaguliwa ikaonekana haifai.
Orodha ya wapokeaji: anwani moja ipelekayo nakala kwa wanachama wote.

Neno marudio tumelichukua kwa wachimbaji wa Chunya. Wao wamejua kwa muda mrefu kwamba kinachobaki mwaloni hakijawa taka hadi kikaguliwe. Twawaomba watafsiri, walimu na watumishi wayajaribu maneno haya katika kazi zao, watuletee maoni. Safari hii tutatazama na katika marudio.