Pangani, Kituo cha Misafara

Katika karne ya 19, Pangani, mji uliopo mahali ambapo mto wa jina hilo unaingia katika Bahari ya Hindi, ulikuwa mmoja wa milango mikuu ya misafara, yaani makundi ya wafanyabiashara na wapagazi waliofuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, wakipeleka nguo, shanga na nyaya na kurudi na pembe za ndovu. Wapagazi waliotoka bara, wakiwemo Wanyamwezi, hawakuwa na tarehe ya kuondoka, kwa kuwa kukaa kwao kulitegemea bei ya pembe, mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi na kupatikana kwa mzigo wa kurudi nao. Hata wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapo mwaka 1857, wakingoja msimu wa safari yao kubwa ya kwenda kwenye maziwa makuu ya bara.

Wapagazi hao wa bara hawakuwa watu wa pembeni katika historia ya mji: Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuutwaa, ilikuta Pangani imejaa watu wa bara, na upinzani uliozuka ukaongozwa na Bushiri bin Salim hadi aliponyongwa mjini humo Desemba 1889. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ndiyo iliyohamisha biashara, nayo misafara ikaacha kutua Pangani.