Vichwa vya Yuanmingyuan: Taashira ya Mnyama baina ya Chemchemi na Mnada

Ni nadra mhakiki wa taashira kupata mfano ambamo ishara ileile, bila ya kubadilika umbo, inavuka kutoka maana moja hadi nyingine mbele ya macho ya historia. Vichwa kumi na viwili vya wanyama, vilivyosubiwa kwa shaba katika karne ya 18 kwa ajili ya kasri la Yuanmingyuan, kaskazini-magharibi mwa Beijing, ni mfano wa aina hiyo. Tangu mwaka 2000 vimezungumziwa hasa kama hazina ya taifa la China iliyoporwa na wakoloni. Makala haya yanashikilia kwamba maana hiyo haikuwamo katika vichwa vilipoundwa. Ilizaliwa na uporaji wenyewe. Dai hili halipunguzi hatia ya waporaji hata kidogo. Linachofanya ni kuuliza kile kinachodaiwa kurudishwa ni kitu gani hasa.

Msomaji wa Kiswahili ana buruji zake kumi na mbili, alizozipokea kupitia elimu ya falaki ya Waarabu: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba na wenzao. Hizo ni sehemu za anga ambamo jua hupita. Wanyama wa Kichina si nyota. Ni vipimo vya wakati. Panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe hufuatana katika kuitaja miaka, na vilevile hugawana usiku na mchana, kila mmoja akishika muda wa saa mbili. Panya hushika kuanzia saa tano hadi saa saba za usiku, naye farasi hushika saa zizo hizo za mchana. Aidha, maana zao hazilingani na zetu. Nguruwe, ambaye Mwislamu wa pwani humhesabu kuwa najisi, huko ni dalili ya neema na shibe. Sungura, ambaye katika ngano za Afrika Mashariki ni bingwa wa hila, kwa Wachina ana makao mwezini. Hili halipaswi kuwashangaza watu wa pwani ya Kenya: twiga aliyepelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme wa Ming mwaka 1415 alipokelewa kama qilin, mnyama wa heri anayejitokeza zama za mtawala mwadilifu. Mnyama alivuka bahari. Maana yake ilimsubiri bandarini.

Chemchemi ya Yuanmingyuan ilikuwa kazi ya wasanii wawili, na wote wawili walikuwa wageni. Giuseppe Castiglione, Mjesuti aliyezaliwa Milan mwaka 1688, alifika China mwaka 1715 na akawa mchoraji wa kasri kwa jina la Lang Shining. Michel Benoist, Mjesuti wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1715, alikuwa mjuzi wa hisabati na falaki, akajikuta akitumikishwa katika ufundi wa maji. Mfalme Qianlong alitaka majumba ya mtindo wa Kizungu katika bustani yake, na ujenzi ulianza mwaka 1747. Mbele ya jumba kubwa zaidi, Haiyantang, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Jumba la Bahari Tulivu, waliwekwa wanyama kumi na wawili, sita kila upande wa birika. Miili yao ilikuwa ya binadamu, ya jiwe, iliyovikwa majoho. Vichwa vilikuwa vya wanyama. Kila mnyama alitema maji kwa zamu katika muda wake, na ilipotimu saa sita za mchana wote kumi na wawili walitema kwa pamoja.

Taashira hapa ilifanya kazi, kwa maana halisi ya neno hilo. Haikuwa imani wala ibada, na haikuwa kauli juu ya taifa. Ilikuwa saa ya maji, burudani ya mtawala wa Kimanchu aliyependa mambo ya mbali kama vile watawala wa Ulaya wa zama zake walivyopenda vyombo vya kauri vya China. Inasimuliwa kwamba Benoist alipofariki mwaka 1774 hakupatikana wa kuitunza mitambo yake, hata ikabidi watumishi wachote maji kwa ndoo mfalme alipotarajiwa kupita. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi saa hiyo ilikuwa imekwisha kusimama miongo mingi kabla ya adui kufika.

Adui alifika Oktoba 1860, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Kasumba. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalilipora kasri. Kisha, tarehe 18, Lord Elgin akaamuru lichomwe moto kulipiza kisasi cha wajumbe na wafungwa walioteswa na kuuawa mikononi mwa maofisa wa China. Huyu alikuwa mwana wa yule Elgin aliyezibeba sanamu za Parthenon kutoka Athens. Mwaka 1861 Victor Hugo aliandika barua ya kuyashutumu mataifa yote mawili, likiwamo lake mwenyewe. Safari ya kila kichwa baada ya hapo haina hati kamili, na si lazima vyote kumi na viwili viwe viliondoka mwaka huo. Hata hivyo, kumbukumbu ya moto imevimeza vyote, na usomaji wa leo huanzia motoni, wala si birikani.

Soko ndilo lililoikamilisha maana mpya. Mwaka 2000 vichwa vya ng'ombe, nyani na chui milia viliuzwa katika minada ya Hong Kong, vikanunuliwa na kampuni ya serikali ya China, Poly. Tajiri wa Macau, Stanley Ho, alikinunua kichwa cha nguruwe mwaka 2003, na mwaka 2007 akakinunua cha farasi kwa dola milioni 69.1 za Hong Kong. Kisha ukaja mnada wa Paris wa Februari 2009, ambamo panya na sungura, waliokuwa katika mkusanyiko wa Yves Saint Laurent na Pierre Bergé, walifikia zaidi ya yuro milioni 15 kwa kila mmoja pamoja na ada. Mshindi, Cai Mingchao, alitangaza kwamba hatalipa. Akataja wajibu wake kama Mchina. Bergé naye alikuwa amesema yu tayari kuvitoa iwapo China ingeheshimu haki za binadamu na kuipa Tibet uhuru. Hapo shaba ilikuwa imekwisha kuacha kuwa shaba. Kila upande ulikitumia kichwa cha sungura kusema jambo ambalo sungura hakuwahi kulisema. Mwaka 2013 familia ya François Pinault, mmiliki wa nyumba hiyo ya mnada, ilivirudisha vyote viwili bila malipo.

Inafaa kulinganisha jambo hili na vigango vya Wamijikenda, ambavyo navyo viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na ambavyo makumbusho ya Denver ilikubali mwaka 2014 kurudisha 30 kati yavyo. Kigango kina mwenyewe: husimamishwa kwa ajili ya marehemu anayejulikana, na kukiondoa ni kuwavurugia waliohai uhusiano wao na mfu wao. Thamani yake haikungoja mwizi. Mijadala ya urejeshaji hukosea inapoviweka vitu hivi katika kapu moja, kwa kuwa hoja inayotosha kukirudisha kigango haihitaji taifa wala bei ya mnada.

Msanii Ai Weiwei, mwana wa mshairi Ai Qing, aliingia katika mjadala huu mwaka 2010 kwa kazi iitwayo Circle of Animals/Zodiac Heads: vichwa vyote kumi na viwili, vikubwa mno kuliko vya asili, vikiwa juu ya miti ya shaba. Vilipozinduliwa mjini New York tarehe 4 Mei 2011, msanii mwenyewe alikuwa kizuizini China, alikokaa siku 81. Ai ameeleza hadharani kwamba haoni vya asili kuwa hazina ya taifa, kwa kuwa vilibuniwa na Mwitaliano, vikatengenezwa na Mfaransa, kwa ajili ya mfalme wa Kimanchu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inawasahau mafundi wa karakana za kasri walioisubu shaba, ambao wazalendo nao hawawataji.

Udhaifu mkubwa zaidi wa kazi hiyo uko kwingine. Ni vichwa saba tu vya asili vinavyojulikana hadharani vilipo. Joka, nyoka, mbuzi, jogoo na mbwa hawajaonekana. Ai aliwabunia sura, akaufunga mduara. Kama kejeli juu ya asili na nakala, ubunifu huo unafaa: mtazamaji hawezi kutenga kwa macho walioigwa na waliobuniwa. Lakini kama usomaji wa historia, unaziba pengo ambalo lilikuwa sehemu pekee ya matini isiyoweza kununuliwa wala kutolewa zawadi.

Ho alikikabidhi kichwa cha farasi kwa serikali ya China Novemba 2019, na Desemba 2020 kikawekwa katika hekalu la Zhengjue, ndani ya Yuanmingyuan, cha kwanza kati ya saba kurudi mahali palepale kilipotoka. Farasi ndiye aliyeshika zamu ya saa sita za mchana, wakati wote kumi na wawili walipotema maji. Amewekwa ndani ya kabati la kioo, mbali na birika la Haiyantang, ambalo limebaki gofu.